Saa Nane ya Kuhesabu

Asubuhi moja hivi karibuni nilifunga chumba changu pale Igoma, nikampa jirani ufunguo, nikashika njia. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia nitajua nikifika. Hakushangaa, maana ameshanizoea. Alichotaka kujua ni kama nimezima jiko.

Tangu nistaafu nimekuwa hivyo, na kusema kweli hata kabla ya kustaafu. Miguu ikianza kuwasha, natoka. Stendi ya Nyegezi nilipanda gari la kwanza lililokuwa na kiti cha dirishani, ndipo konda akaniambia linakwenda Sengerema. Nikasema sawa, hata Sengerema ni mahali.

Kando yangu alikaa binti mmoja muuguzi, ndiyo kwanza amepangiwa kituo. Begi lake lilikuwa jipya na alilishika magotini kama mtu aliyebeba mayai. Alinisalimia shikamoo, tukazungumza, akagundua kwamba nimefanya kazi zahanati miaka mingi. Akaniuliza, katika dawa zote nilizowahi kuwapa wagonjwa, ipi ilikuwa ngumu kuliko nyingine.

Nikamwambia, "Saa nane."

Akadhani sikumsikia vizuri. Akarudia swali kwa sauti ya juu kidogo, jinsi mnavyofanya ninyi vijana mkiona mvi. Kabla sijamjibu gari likaingia darajani. Zamani kutoka Kigongo kwenda Busisi ilikuwa safari: unasubiri kivuko, unanunua machungwa, unagombana na mtu, mnapatana, ndipo mnavuka. Sasa ni daraja, unapiga chafya mara mbili uko ng'ambo. Na binti alikuwa anashuka mbele kidogo tu. Akashuka na begi lake la mayai bila kupata jibu.

Basi jibu lake ndilo hili, na ninyi wengine mnaoanza kazi hii mlisome pamoja naye.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikukosa ada. Niliona tu kwamba mwalimu anaeleza vitu ambavyo viko nje, na mimi nilitaka kwenda kuviangalia. Nikaenda. Nimeuza dagaa, nimeosha magari, nimelala kwa watu wengi wema na wachache wasio wema. Kazi ya tiba niliingilia mlango wa nyuma, kwa ufagio.

Mahali pa kwanza palikuwa duka la dawa katikati ya mji, la mzee mmoja Mhindi tuliyemwita Mzee Kanji. Nilikuwa nafagia na kupanga makasha. Wateja walikuwa hawataji dawa kwa majina. Mtu anaingia anasema, "Nipe rangi mbili." Ni vile vidonge vya kapsuli, nusu rangi hii nusu rangi ile, na dawa zilizofungwa namna hiyo ni nyingi, kila moja na kazi yake. Mzee Kanji hakuwa anakataa wala hakuwa anatoa. Alikuwa anavua miwani na kuuliza, "Nani anaumwa?" Mara nyingi ikajulikana kwamba anayeumwa yuko nyumbani, na aliyetumwa ni shemeji, na aliyependekeza rangi mbili ni jirani ambaye mwaka juzi alipona jipu. Mzee Kanji alikuwa anasema, "Mlete mwenye ugonjwa, siyo mwenye habari." Wengine walinuna wakaenda duka la pili. Wengine walimleta mgonjwa, na mzee akamtazama kisha akamwelekeza hospitali. Siku moja nilimuuliza kama hasikitiki kupoteza wateja. Akasema mteja aliyekufa ndiye aliyepotea, yule wa duka la pili yupo tu.

Kwa Mzee Kanji nilikaa mpaka miguu ilipowasha. Nikatokea Kigongo, nikapata kazi ya kudeki kwenye zahanati moja karibu na kivuko, na hapo ndipo nilipokutana na Nesi Paskazia.

Nesi Paskazia alikuwa Mhaya, mrefu, mwenye sauti ya kanisani, na gauni lake jeupe lilikuwa jeupe hata msimu wa tope. Alinipa jina siku ya tatu tu, Kiguu na Njia, kwa sababu akinituma dukani nilikuwa narudi na habari za watu wote wa njiani. Lakini hakuwahi kunifukuza. Nikimuuliza kitu alinijibu, hata nilipouliza nikiwa nimeinama na dekio mkononi. Kwa nini mtoto anapimwa uzito kabla ya kupewa dawa ya malaria? Kwa nini huyu anachomwa sindano na yule anapewa vidonge? Hilo la sindano ndilo lililokuwa likimchosha. Wazee waliamini kwamba ukitoka zahanati bila kuchomwa, hujatibiwa. Kuna mzee mmoja mfugaji aliviangalia vidonge vyake kiganjani akasema hizi ni njugu. Nesi akamwambia, "Basi zitafune kama njugu, baba, alimradi uzimalize." Mzee alicheka, akazimaliza, na aliporudi akaomba njugu nyingine za mke wake.

Kitu kimoja Nesi Paskazia hakukivumilia kilikuwa Kiswahili kibovu. Mtu akisema "masaa" alikuwa anamkatiza hapohapo. Saa haina wingi, alikuwa anasema. Saa moja, saa mbili, saa mia. Mimi alinisahihisha mpaka nikaogopa kutaja saa. Na alikuwa na haki, ndivyo vitabu vinavyosema.

Na hakuwa mvivu wa kueleza. Mgonjwa akipewa dawa, Nesi alieleza, kisha akamwambia arudie. Asiyeweza kurudia hakutoka. Nimeona wahudumu wengi tangu wakati huo, na wengi hawafanyi hata hilo. Wanasema maneno huku wanaangalia mgonjwa anayefuata.

Sasa siku moja alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo, tulimwita Mama Mabula kwa jina la mtoto aliyembeba. Mabula alikuwa na umri wa kuanza kukimbia, lakini siku hiyo alikuwa amelala mgongoni kama nguo iliyolowa. Akapimwa, ikaonekana malaria. Mama Mabula alisikiliza kila neno bila kupepesa. Akamwambia Nesi, na mimi nilikuwa nadeki palepale mlangoni, kwamba kabla ya Mabula alikuwa na mtoto mwingine, naye alipata homa, akapewa dawa hospitali. Nyumbani wakwe wakasema dawa ni nyingi mno kwa mtoto mdogo, wakazipunguza. Mtoto akazikwa. "Huyu," akasema, "nitafanya kama ulivyosema wewe. Asije mtu akaniambia vingine."

Nesi akamweleza taratibu. Kidonge cha kwanza akampa mtoto yeye mwenyewe, kimeyeyushwa kwenye kijiko, saa saba ikiwa imepita kidogo. Mama na mtoto wakakaa kwenye benchi, tuangalie kama atatapika. Hakutapika. Vilivyobaki akavihesabia kwenye bahasha. Cha pili, akasema, utampa baada ya saa nane. Kuanzia kesho, kimoja asubuhi na kimoja jioni mpaka viishe, hata akiwa anacheza.

"Rudia," akasema Nesi.

"Cha pili baada ya saa nane. Kesho asubuhi na jioni mpaka viishe, hata akicheza."

Neno kwa neno. Nesi akaridhika, mama akafunga bahasha kwenye pindo la kanga, akaondoka kwenda kusubiri kivuko.

Baadaye kidogo nikatumwa sukari ya chai. Duka lilikuwa pale kivukoni. Muuza machungwa alikuwa na redio kubwa mbele ya meza yake, na nilipofika ikatangaza saa nane kamili, taarifa ya habari. Mama Mabula alikuwa amekaa kwenye kivuli cha meza hiyo. Aliposikia tu, akamteremsha mtoto, akafungua fundo la kanga, akaomba kijiko kwa mama lishe.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Nampa dawa. Nesi kasema baada ya saa nane. Si umesikia redio?"

"Siyo saa nane hiyo, mama."

"Kwani ziko ngapi?"

Muuza machungwa akadakia bila kuulizwa. "Ziko mbili. Ya mchana na ya usiku."

"Ya usiku hakunitajia," akasema Mama Mabula, akaanza kukiponda kidonge kwa kucha.

Nilimshika mkono. Hapo akanitazama vizuri, kuanzia ndala mpaka kitambaa cha kichwa. "Wewe si ndiye unayedeki pale?"

"Ndiye mimi."

"Sasa Nesi akisema hivi, na mwenye dekio akisema vile, mimi nimfuate nani?"

Vijana, hebu fikirini mngejibu nini. Mama huyu alikuwa sahihi kila upande. Alirudia alichoambiwa. Lugha ilikuwa safi. Na alikwisha kumzika mtoto mmoja kwa kuwasikiliza watu ambao hawakuwa nesi. Nami nilijua tu alichokusudia Nesi, kwa kuwa nilikuwa namsikia kila siku na nilishawahi kumuuliza: kidonge cha pili hukisubirisha mpaka kile cha kwanza kifanye kazi, muda wa saa nane, siyo mpaka saa ya ukutani isome nane. Vidonge viwili karibu karibu namna ile pengine mtoto angevitapika vyote. Halafu angekuwa ng'ambo, mbali na zahanati, homa iko palepale na bahasha imepungua.

Nilimwomba turudi kwa Nesi. Kivuko kikapiga honi. Hicho kikiondoka, kingine ni jioni, na kwao palikuwa mbali kwa miguu kutoka Busisi. Akambeba mtoto mgongoni, kidonge kikiwa ndani ya ngumi, akaingia. Nami nikaingia nyuma yake na sukari yangu ambayo ilikuwa bado haijanunuliwa.

Tukasimama kwenye ukuta wa chuma, maji yakipita chini. Kumwambia tena "siyo hivyo" kungekuwa kama kuwa mkwe wa pili. Nikagusa mguu wa Mabula, ulikuwa wa moto. Basi nikaanza kuuliza tu, kama ninavyouliza kila mtu. Kwenu mnafika wakati gani? Nani anapika? Mnafuga? Akanijibu kwa kifupi, akiangalia ng'ambo. Wanafika jua likielekea kuzama. Anapika yeye. Kuku anao, na ng'ombe wawili wa mkwe. Kuku wakiingia bandani ndipo anasonga ugali.

Tulikuwa tumefika katikati ya maji aliponigeukia.

"Dada. Nesi alikuwa anahesabu saa, au alikuwa anasoma saa?"

Sijawahi kusikia swali zuri kama hilo, wala kwa daktari. Nikamwambia, "Alikuwa anahesabu. Tangu alipompa kile cha kwanza."

Akasema, polepole, kwamba kweli, kama angetaka mtoto ameze cha pili sasa hivi, si angempa vyote viwili palepale kwenye benchi? Akafungua ngumi. Kidonge kilikuwa kimeanza kulainika kwa jasho, lakini kilikuwa kizima. Akahesabu kwa vidole vya mkono wa pili, akafika saa tatu usiku, akasikitika.

"Redio sina. Saa sina."

"Kuku unao."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Tukapanga pale pale. Kuku wakishaingia, ugali ukasongwa, mkala, vyombo vikaondolewa, unataka kutandika: hapo ndipo. Naye mtoto apate maziwa kidogo kabla, asimeze tumbo likiwa tupu. Nikamwambia aniambie tena, lakini siyo maneno yangu. Aniambie atakuwa anafanya nini. Akanieleza jioni yake yote, mpaka nani analala upande gani wa kitanda. Akafunga kidonge kwenye kanga. Busisi akashuka, nikamwangalia mpaka kanga yake ikapotea kwenye watu.

Nilirudi zahanati jioni. Nesi Paskazia alikuwa amesimama mlangoni.

"Kiguu na Njia. Sukari iko wapi?"

Nikamsimulia. Nilitegemea aninyamazishe, lakini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye benchi la wagonjwa, mahali ambapo nilikuwa sijawahi kumwona akikaa.

"Lakini alirudia," akasema.

"Alirudia, Nesi."

"Neno kwa neno."

"Neno kwa neno."

Akatazama saa ya ukutani ya zahanati. "Basi tulikuwa tunaimba," akasema. "Mimi naanzisha, yeye anaitikia."

Mama Mabula aliambiwa arudi dawa zikiisha. Siku ilifika, hakurudi. Ikapita nyingine. Kila mlango ulipolia Nesi aliinua kichwa, akakirudisha. Nilikuwa nadeki karibu na mlango zaidi kuliko ilivyohitajika. Ng'ambo ni mbali, tulijua hilo, na mtoto aliyepona hana haja ya kurudishwa. Lakini hata yule asiyepona harudishwi.

Ndipo akaja mpagazi mmoja wa kivukoni, amejikwaruza goti. Nesi alipokuwa anamsafisha, akakumbuka kwamba ana ujumbe na haelewi maana yake. Kuna mama upande wa Busisi anauza mihogo, kamwambia: mwambie yule mwenye dekio, kuku waliingia.

Nesi akaacha kusafisha. "Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Huyo mama alikuwa na mtoto?"

"Ah, kale katoto," mpagazi akasema. "Kanafukuza kuku wa watu sokoni. Kameniangusha. Goti hili si ndilo lenyewe?"

Nesi Paskazia alilifunga lile goti kwa bandeji safi kuliko lilivyostahili, kisha akaingia chumba cha nyuma na kukaa huko kidogo. Alipotoka alinituma sukari.

Baada ya hapo mambo yalibadilika pale. "Masaa" hakukubali mpaka alipostaafu, msidhani. Alichofanya ni kuiacha saa kabisa. Alikuwa anamuuliza mgonjwa siku yake inakwendaje, na dozi anaipachika humo: ukirudi kutoka kisimani, wakati wa kukamua, baada ya Isha kwa anayeswali. Mimi nikaondolewa kwenye dekio nikapewa mafunzo ya uhudumu, nikawa ndiye wa kuuliza. Wagonjwa wakaniita Mama Utakuwa-Unafanya-Nini, na watoto wa pale wakaliimba kwenye kuruka kamba.

Msinielewe kwamba tulipata dawa ya kila kitu. Mvuvi mmoja aliambiwa ameze baada ya kula, asubuhi na jioni. Akameza mara moja, kwa sababu anakula mara moja. Hakuna aliyemuuliza anakula lini. Tulidhani kila nyumba inapika asubuhi na jioni. Mara nyingine tukaanza kuchora juu ya bahasha, jua la asubuhi na mwezi wa usiku. Mzee mmoja akarudi na vidonge vya usiku vyote. Akaniambia mwezi ndiyo kwanza umeandama, unazama mapema, naye akaona dozi imezama nao. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania. Siku hizi simu zinatuma ujumbe wa kukumbusha dawa, nami nasema ni vizuri sana, ila simu yenyewe mara nyingi iko mfukoni mwa mume aliye kisiwani.

Kwa hiyo, binti wa begi jipya, dawa ngumu ndiyo hiyo. Mgonjwa akikurudishia maneno yako yaleyale, usifurahi haraka. Bado ni yako. Subiri mpaka akuambie kwa ya kwake.

Basi lilinishusha Sengerema, na miguu ikawa haijaridhika. Nikapanda gari dogo lililokuwa linakwenda ziwani, likaishia kwenye mwalo wa wavuvi ambao jina lake nililisoma kwenye kibao. Jua lilikuwa bado juu kidogo, saa kumi na moja hivi. Nyavu zimeanikwa, dagaa wametandazwa kwenye mchanga. Nikauliza gesti, nikaonyeshwa nyumba ya bati jipya, milango minne. Binti mwenyeji alinisalimia, akanifungulia chumba, akakung'uta chandarua, akanionyesha msumari wa kutundika nguo. Kila kitu kilikuwa safi.

"Maji ya moto nitakuletea baada ya saa moja, mama," akasema.

Nikamtazama. "Rudia."

"Baada ya saa moja," akarudia, neno kwa neno, na kwa adabu kabisa.

Nikacheka mpaka akapata wasiwasi. Nikamuuliza, "Wakati huo wewe utakuwa unafanya nini, mwanangu?"

Akafikiri, akiangalia uani. "Nitakuwa nimeshamaliza kukaanga samaki wa wageni. Moto ule ule ndio naubandikia maji."

"Haya," nikamwambia. "Basi nitanusa."

Akaenda. Nikavua viatu, nikafungua dirisha, nikakaa kitandani kusubiri samaki.